Wanafunzi wa maigizo nao wapelekwe ng'ambo



Naomba nafasi niwajibu wanaosema kumpeleka mwanafunzi wa maigizo ng'ambo ni kutupa fedha. Mimi nilikaa London muhula mmoja. Jioni nyingi nilisimama na watazamaji wengine uwanjani katika ukumbi wa Globe, uliojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1997, tukiwa wima chini ya anga wazi, mvua ikitunyeshea. Mwigizaji anakuona usoni nawe unamwona. Hakuna giza la kujificha. Nikakumbuka hadithi za bibi kijijini, ambako msikilizaji sharti aitikie. Nilipokuwa nyumbani nilizidharau.

London ndiko nilikosoma kwa makini, kwa mara ya kwanza, "Mabepari wa Venisi", tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1969, ya tamthilia ya Shakespeare. Niliwasomea wenzangu kwa sauti. Hawakujua Kiswahili, lakini walitulia tuli. Na mwaka 2012 jukwaa la Globe lilikwisha kupokea kundi kutoka Kenya lililoigiza Shakespeare kwa Kiswahili!

Vyuo vitenge nafasi kwa wanajukwaa pia, si kwa udaktari na uhandisi tu. Nauli yangu ilichangwa na wajomba na shangazi. Wenzangu wengi darasani hawana wa kuwachangia.

Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho,
Dar es Salaam