Bodi za Redio Zisichomwe Moto

Huenda katika kambi, au kituo cha polisi, mkawa na stoo ambamo redio za mawasiliano zilizokufa hurundikwa hadi siku ya kutiwa shimoni na kuchomwa. Sisi twasema desturi hiyo ikome.

Bodi ya kijani iliyomo ndani ya redio ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilichoshikanishwa kwa epoksi. Epoksi si kama nta ya mshumaa, iyeyukayo na kuganda tena. Ni kama yai lililochemshwa, ambalo halirudi kuwa ute. Ndiyo sababu ilichaguliwa. Huvumilia jua la adhuhuri, na huvumilia kulehemiwa, kazi ambayo kwa lehemu isiyo na risasi hupita nyuzi 217 za Selsiasi. Lakini uimara huohuo huifanya bodi mbovu isiweze kufinyangwa upya, na ikichomwa hutoa moshi wa sumu. Wa kwanza kuuvuta ni askari aliyepangiwa zamu ya shimo.

Mwaka 2011, mjini Paris, Ludwik Leibler na wenzake walitangaza epoksi ya namna nyingine. Ikipashwa moto, vifungo vya molekuli zake hubadilishana nafasi bila kupungua idadi, mfano wa walinzi wapokezanao lindo pasipo lango kubaki tupu. Hivyo huweza kufinyangwa upya. Jamii hiyo huitwa vitrima.

Hapa ndipo penye mtego. Vifungo vikianza kubadilishana mapema mno, kitu hulegea kingali kazini. Na nani atakubali kupanda helikopta yenye panga la namna hiyo? Wataalamu hushindana kuliinua joto la kubadilishana lipite joto la kazi, lakini lisifikie lile la kuiunguza polima yenyewe.

Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kilionyesha bodi ya vitrima inayofumuliwa bila moto mkali: hulowekwa katika kemikali, ikavimba na kulainika kama jeli, vipuri na nyuzi za kioo vikatoka. Asilimia 98 ya vitrima ilirudishwa.

Kwa hiyo, wakuu wa ununuzi, muulizeni muuzaji mambo mawili: bodi hii hulegea kwa joto gani, na hufumuliwaje? Asiyejibu la kwanza asiulizwe la pili. Nazo redio zilizokwisha kufa zihesabiwe, zifungiwe mahali pakavu, zikabidhiwe wenye leseni ya kuzivunja.