Saladi ya Kirusi na mbaazi za Makueni

Kuna mabishano ambayo huzuka takriban kila mara jamaa wanapokutanika kwa chakula katika baadhi ya nyumba za hapa Wote na viungani mwake. Bakuli kubwa la saladi ya viazi likishatengwa mezani, hakosi mmoja, aghalabu yule aliyesomea ng'ambo au aliyekulia katika nyumba ya msomi wa aina hiyo, atakayechungulia ndani na kutoa hukumu: hii si saladi ya Kirusi ya asili. Njegere za mkebe ziko wapi? Soseji iko wapi? Na hizi mbaazi zimefuata nini humu? Mpishi, ambaye aliamka alfajiri kuchemsha viazi, huinamisha kichwa na kunyamaza. Mwaka ufuatao atakopa fedha anunue mikebe, au ataacha kuipika kabisa.

Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni ya makosa, na makosa yenyewe hayakomei jikoni. Yanatokana na namna tunavyolielewa neno "asili", neno ambalo hututia hasara katika lugha, katika mavazi, na sasa hata katika chakula.

Huenda msomaji akauliza saladi ya Warusi ilifikaje Ukambani. Njia ziko nyingi, lakini iliyo wazi zaidi ni ya elimu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tom Mboya alipokuwa akiwatafutia vijana wa Kenya nafasi katika vyuo vya Marekani, Jaramogi Oginga Odinga aliwatafutia wengine nafasi katika nchi za kisoshalisti. Mwaka wa 1960 Muungano wa Kisovieti ulifungua jijini Moscow chuo kikuu cha vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka wa 1961 chuo hicho kikapewa jina la Patrice Lumumba. Waliosoma huko walirejea wakiwa madaktari, wahandisi na walimu. Baadhi yao walirudi na wake wa kule, na wengi walirudi na kumbukumbu ya bakuli lile ambalo Warusi hulitenga mezani usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, ukoo mzima ukiwa umelizunguka. Hicho si chakula cha mtu mmoja. Hupikwa kwa wingi, huliwa na watu wengi, na kinachosalia huliwa kesho yake. Ndiyo maana kiliafikiana upesi na desturi zetu za kukutanika, iwe ni Krismasi, arusi, au siku ya kupeleka mbuzi wa ntheo.

Sasa tuitazame hiyo asili inayotajwa kwa fahari. Katika miaka ya 1860 mpishi aitwaye Lucien Olivier, ambaye jina lake lenyewe ni la Kifaransa, aliwaandalia matajiri wa Moscow saladi katika mkahawa wa Hermitage. Alikufa mwaka wa 1883 bila ya kuandika siri ya mchuzi wake. Maelekezo yaliyochapishwa mwishoni mwa karne ya 19 yanataja nyama ya ndege wa porini na kambamti wa mtoni. Yalipokuja mapinduzi ya 1917, wateja wa vyakula hivyo walitawanyika. Katika miaka ya 1930 wapishi wa mahoteli ya Kisovieti waliifufua saladi hiyo kwa nyama ya kuku. Baadaye, majumbani, kuku naye aliondoka akaingia soseji ya bei nafuu, ile iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1936 na kuitwa "ya daktari", pamoja na njegere za mkebe ambazo mama wa mjini aliweza kuzipanga foleni na kuzipata. Kwa hivyo njegere na soseji ambazo jamaa yetu anazililia hazikuwa asili hata huko. Zilikuwa suluhisho la mpishi aliyetumia alichokipata sokoni kwake.

Viazi je? Viazi vilitoka katika milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Serikali ya Urusi ilipowalazimisha wakulima kuvipanda, mwaka wa 1834 na tena kati ya 1840 na 1844, wakulima waliasi, hata askari wakatumwa kuwatuliza. Wajukuu wa waasi hao ndio leo wasioweza kuufikiria Mwaka Mpya bila ya viazi. Mayonezi nayo ni ya Wafaransa. Ukitoa vilivyokopwa katika saladi ya Kirusi, utabaki na bakuli tupu.

Tena jina lenyewe halikutulia. Warusi wenyewe huiita "Olivier", kwa jina la yule mpishi. Wahispania na Waturuki huiita saladi ya Kirusi, ingawa Waturuki pia wana jina la saladi ya Kimarekani. Wakroatia huiita ya Kifaransa. Wadenmaki wana saladi ya karoti, njegere na mayonezi ambayo huiita ya Kitaliano. Walithuania wamekata shauri la kuiita saladi nyeupe tu, nao Wairani wamelichukua jina la Olivier wakalitamka kwa lafudhi yao, wakatia kuku kwa wingi na kuila kwa mkate. Mataifa yote hayo yamekaa mezani, kila moja na bakuli lake. Kwa nini Mkamba wa Wote pekee ndiye aonekane ameharibu?

Hapa ningependa kutumia mfano kutoka katika taaluma yangu. Lugha hukopa maneno kila uchao, lakini hukopa kwa masharti yake. Waswahili walilichukua neno "kitabu" kutoka Kiarabu, ambako silabi ya "ki" ni sehemu ya mzizi wa neno. Sarufi yetu ya Kibantu ilipoiona "ki" hiyo, ililitia neno zima katika ngeli ya "kiti" na "kisu", likazaa "vitabu". Mwarabu hasemi hivyo, na wala hatukumwomba ruhusa. Msamiati ulikuwa wa mgeni, sarufi ikawa ya mwenyeji. Na hakuna mtu timamu anayedai leo kwamba "vitabu" si Kiswahili safi.

Chakula nacho kina sarufi na msamiati. Msamiati ni vitu vinavyotiwa ndani. Sarufi ni namna vinavyopangwa na kuhusiana. Sarufi ya saladi hii naiona katika mambo manne. Kwanza, vitu vyake vikuu hupikwa kwanza na kuachwa vipoe kabisa. Pili, kila kitu hukatwa vipande vidogo vinavyolingana, visivyozidi sana ukubwa wa punje, ili kijiko kimoja kikusanye ladha zote. Tatu, lazima pawepo kitu kichachu cha kuupinga utamu wa viazi na karoti. Nne, mchuzi mzito wa mayai na mafuta huvishika vyote pamoja. Ukiyashika hayo manne, umeisema lugha hiyo. Ukiyavunja, hata kama umenunua mikebe yote ya dukani, unabwabwaja tu.

Tuchukue basi karamu ya watu kumi. Chemsha kilo moja na nusu ya viazi pamoja na maganda yake, na karoti nne. Viazi aina ya Shangi, vinavyopendwa mno sokoni, huiva upesi na kupasuka upesi, kwa hivyo usivipe kisogo. Vitoe vingali vigumu kidogo na uviache vipoe, ikiwezekana usiku kucha, ndipo uvimenye na kuvikata. Chemsha mayai manane hadi yawe magumu, na nusu kilo ya nyama ya kuku isiyo na mifupa. Mahali pa njegere, tia vikombe viwili vya mbaazi mbichi, yaani nzuu, zilizochemshwa kwa chumvi hadi zikalainika bila ya kupasuka, kisha zikachujwa vizuri. Mbaazi zetu za kienyeji hupandwa kwa mvua za mwisho wa mwaka na hukomaa katikati ya mwaka unaofuata, kwa hivyo likizo ya Agosti ndiyo hasa karamu yake. Zisipokuwepo mbichi, loweka zilizokauka usiku kucha na uzipike polepole.

Kwa uchachu, Mrusi hutumia matango yaliyolowekwa katika maji ya chumvi. Wewe unaweza kukata matango na kuyalaza katika siki na chumvi tangu jana yake. Mwezi wa Desemba, maembe yanapokuwa yameinamisha matawi kote Makueni, embe bichi lililokatwa vipande vidogo na kunyunyiziwa chumvi hufanya kazi hiyo hiyo, na wako watakaolipenda kuliko tango. Kwa mchuzi, ponda viini vinne vya yale mayai yaliyochemshwa pamoja na kijiko cha haradali, umimine nusu kikombe cha mafuta kidogo kidogo huku ukikoroga, halafu utie maji ya ndimu na maziwa mazito ya mala. Weupe wa mayai na mayai yaliyosalia yakate uyatie katika saladi, pamoja na kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo sana.

Nimependekeza viini vilivyochemshwa kwa sababu, wala si kwa kubana matumizi. Mayonezi ya nyumbani yenye mayai mabichi inaweza kubeba viini vya maradhi ya tumbo, na joto la Wote si la Moscow ya Desemba. Changanya mchuzi na vitu vingine wakati wageni wameketi, si asubuhi. Saladi ikishachanganywa isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na katika jua kali saa moja yatosha. Sufuria inayoachwa mezani tangu adhuhuri hadi magharibi, nzi wakiizunguka, imewahi kugeuza karamu nyingi kuwa safari ya hospitali. Kumrekebisha mpishi katika jambo hili ni haki. Kumkejeli kwa sababu ya mbaazi si haki.

Kuna na suala la mkulima. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi duniani, iliweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na wakulima wa Afrika Mashariki na Kusini wakaona bei ikianguka. Funzo lake ni kwamba zao linalotegemea mlaji wa mbali hupata homa mlaji huyo akipiga chafya. Sidai kwamba bakuli za saladi za Wote zitaokoa bei ya mbaazi. Ninachosema ni kwamba ni ajabu kwa mji uliozungukwa na mashamba ya mbaazi kuiona punje hiyo kuwa ya aibu siku ya wageni, na punje ya mkebe iliyosafiri maelfu ya maili kuwa ya heshima. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Atanijibu mtu kwamba kwa hoja hii kila kitu kitaitwa saladi ya Kirusi, na jina litakosa maana. Hoja yake ina uzito. Nimeona kabichi mbichi na nyanya zikimiminiwa mayonezi na kutangazwa kwa jina hilo. Nyanya hutoa maji, mchuzi ukakatika, na kabichi haikupikwa. Hiyo ni ndugu ya kachumbari, neno ambalo nalo lilitujia kutoka India, na iitwe hivyo bila ya kuona haya. Mipaka ipo. Ila mipaka huwekwa na sarufi ya chakula, haiwekwi na chapa ya mkebe.

Wala tusijidanganye kwamba mbaazi zenyewe zilichipuka hapa zikiwa peke yake. Asili yake ni India. Mahindi ya muthokoi, chakula ambacho kila Mkamba hukitaja anapozungumzia mila, yalitoka Amerika kama viazi. Mabibi zetu waliyapokea, wakayatwanga kinuni hadi maganda yakatoka, wakayapika na maharagwe au mbaazi, na leo hakuna anayewaambia kwamba waliharibu mahindi ya wenyewe. Waliyafanya kuwa yao kwa kazi ya mikono yao.

Kwa hiyo, ewe shangazi au mama mkwe unayejiandaa kuwapokea jamaa, pika saladi yako. Kata vipande sawasawa, subiri vipoe, usisahau uchachu, na uchanganye wakati wa kula. Naye jamaa aliyezoea ya Moscow apewe sahani ya kwanza, kwa kuwa ni mgeni wa heshima na kumbukumbu zake zina thamani. Akiuliza mbaazi zimefuata nini, aambiwe kwamba zimefuata njia ile ile iliyofuatwa na viazi.