Mjaribu programu apewe sauti tangu mwanzo

Agosti 2022 Serikali ilizindua ruzuku ya mbolea kwa mfumo wa kidijitali. Mkulima alitakiwa kujiandikisha, kupata namba yake, kisha kwenda kwa wakala, ambako mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ulishuka hadi shilingi 70,000. Hivyo, kwa mkulima wa Bunda au Butiama, programu ya kompyuta ikawa pembejeo kama jembe. Namba isipofika, mbolea haitoki dukani, na mvua haimsubiri fundi. Mchuuzi wa dagaa wa Musoma anayelipwa kwa simu naye yumo katika hali hiyo hiyo.

Zamani mjaribu wa programu aliitwa mwishoni, atafute makosa wakati siku ya uzinduzi imekwisha kutangazwa. Siku hizi miradi inayoongozwa vizuri humwita mapema ili aulize: Je, simu ya kitochi itafaa? Mtandao ukikatika wakati wa malipo, fedha zitakwenda wapi? Mkulima aliyebadilisha laini atatambuliwaje?

Hata hivyo, maswali hayo ni kazi bure iwapo kiongozi wa mradi hapendi kuambiwa "bado". Kiongozi makini humpa mjaribu mamlaka ya kuahirisha uzinduzi. Aidha, humtoa ofisini akajaribu programu dukani Bunda, kijijini Butiama na mwaloni Musoma, mikononi mwa watumiaji wenyewe.

Gharama ya safari hiyo ni ndogo kuliko hasara ya msimu mmoja wa kilimo.