Jina Baya ni Mzigo kwa Mtoto

Mtu akisimama gatini Kilindini wakati meli ipakuliwapo, ataona ya kuwa kila kasha lina alama yake. Wachukuzi hawalifungui kasha kutazama yaliyomo. Alama husomwa, na kasha hupelekwa mahali palipoandikwa. Alama ikikosewa, mali njema hupotea njia. Juma hili napenda tuwafikirie watoto wetu, maana nao hubandikwa alama shuleni.

Mwalimu amwambiapo mtoto mbele ya wenziwe, "Wewe mjinga," neno hilo haliishi hapo. Wenziwe hulifanya kuwa jina lake. Mwalimu naye huacha kumwuliza maswali, kwa kuwa hatazamii jawabu. Mtoto huacha kuinua mkono, kisha huacha kusoma, na akianguka mtihani watu husema, "Hatukusema?" Hawatambui ya kuwa wao ndio waliomsukuma. Kasha halisikii alama yake, bali mtoto huisikia, huiamini na kuifuata.

Jambo hili limepimwa. Huko California, Marekani, Bwana Robert Rosenthal na Bibi Lenore Jacobson waliwaambia walimu wa shule moja ya kwamba watoto fulani, kadiri ya mmoja katika watano, wangesitawi sana mwaka ule. Kumbe majina yale yalichaguliwa kwa bahati tu. Mwaka ulipokwisha, waliotajwa katika madarasa mawili ya chini walikuwa wameendelea kuliko wenzao. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1968. Wataalamu wengine wamebishana juu ya ukubwa wa matokeo hayo, lakini mzazi yeyote ajua ya kuwa mtoto aaminiwaye hujitahidi.

Hapa Kenya, marehemu Bwana Ngugi wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi mambo yalivyokuwa shuleni kwao baada ya mwaka 1952. Mtoto aliyesikiwa akisema Kikuyu aliweza kupigwa, au kuvishwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kumwita mjinga au punda. Kosa lake lilikuwa kunena lugha ya mamaye. Kibao kile kilimfundisha nini, ila kuionea haya asili yake na kuwachongea wenziwe?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa kudhalilishwa, mwilini au moyoni. Lakini sheria haifiki barazani kwetu jioni, tuwalinganishapo ndugu wawili mbele ya wageni: huyu hodari, huyu goigoi.

Sisemi kosa lisikemewe. Likemewe, ila lisigeuzwe kuwa jina la mtoto. Badala ya kusema, "U mvivu," tumwambie, "Hesabu hii hujaimaliza, ilete tuitazame." Wahenga walinena, jina jema hung'ara gizani. Haya basi, walimu na wazazi, tuwape watoto wetu majina ya kuwaangazia njia.