KANO YA KISIGINO HAINA SPEA

Wiki hii safu yetu inapanda hadi Basotu, kule Hanang, kwenye mashamba ya ngano na lile ziwa lenye viboko. Aliyenichokoza ni msomaji wa huko huko. Anasema babu yake, mzee wa miaka 69, kisigino kinamuuma kwa nyuma, pale juu ya kiatu, na asubuhi akiamka anachechemea mpaka jua lipande. Mwezi uliopita alinunuliwa vidonge vya siprofloksasini vya kutibu UTI. Kabla hajavimaliza mvua ikashuka, na mzee aliyekaa miezi mizima bila kazi ngumu akashika jembe siku tatu mfululizo. Familia imekaa kikao na kuamua kwamba babu asitembee tena, kila anapokwenda apelekwe kwa bodaboda, na kila asubuhi anywe supu ya makongoro. Mjukuu anauliza, je, tumefanya vizuri?

Moyo wenu ni mzuri, mjukuu, na babu kabarikiwa kwa wajukuu. Lakini jambo la kwanza mmeliruka kabisa, na la pili mmeligeuza kichwa chini miguu juu.

Kabla ya yote tuelewane kwenye jina. Sisi kila kitu chembamba kilichomo mwilini tunakiita mshipa. Panapopita damu ni mshipa, fahamu nazo ni mshipa, hata ngiri ikimshika mtu tunasema ana mshipa. Kinachomuuma babu kinaitwa kano. Ni ule mkanda mweupe, mgumu kama kamba, unaounganisha msuli na mfupa. Kwenye nyama ya ng'ombe ndiyo inayokuacha unatafuna mpaka taya linalia. Jirani zenu Wahadzabe wa Yaeda Chini, Mbulu, wanaijua kuliko sisi, maana kamba ya upinde wao inatengenezwa kwa kano za wanyama. Hebu fikiria, mshale unaomwangusha pundamilia unarushwa na kitu hicho!

Kano nene kuliko zote mwilini ni hiyo ya kisigino. Kila ukikanyaga inavutika kidogo, halafu inajirudi na kukusukuma mbele. Ukikimbia, inabeba mzigo unaozidi mara 6 ya uzito wako. Maana yake mzee wa kilo 60 akimkimbiza ndama aliyeingia shamba la jirani, kilo 360 na ushei zinaning'inia kwenye kamba yenye unene wa kidole. Si mchezo.

Ubaya wake ni kwamba damu haiifikii kwa wingi, kwa hiyo inapona polepole mno. Msuli ukichanika kidogo, wiki chache umesahau. Kano inahesabu miezi. Na kuna jambo lililonishangaza sana nilipolisoma. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima kaboni iliyomo ndani ya kano za kisigino za watu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewani kaboni ya aina ya pekee, ikaingia kwenye mimea, ikaingia kwa ng'ombe, ikaingia kwetu. Kwa kuipima unajua sehemu ya mwili ilijengwa mwaka gani. Wakakuta kiini cha kano ya kisigino kinajengwa mpaka mtu afike kama miaka 17, na baada ya hapo hakibadilishwi tena kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo kamba anayotembelea babu leo ndiyo ile ile aliyokuwa nayo akiwa kijana wa kuchunga. Spea haiji.

Sasa lile mliloliruka. Dawa!

Siprofloksasini, ambayo mitaani tunaiita sipro, na ndugu yake levofloksasini, ni dawa nzuri za kuua vijidudu. Lakini zina tabia moja ambayo muuza duka hakuambii, kwamba zinaweza kudhoofisha kano hadi ikakatika, na ya kisigino ndiyo inayoshambuliwa zaidi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe kwa herufi nzito kwenye dawa hizo. Walio hatarini zaidi ni waliovuka miaka 60, na wale wanaotumia pamoja nazo dawa za jamii ya prednisoloni au deksamethasoni, hivi vidonge ambavyo wengine wanapewa kienyeji ati vya kutuliza miguu na mgongo. Maumivu yanaweza kuanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza, na yanaweza kuja hata miezi baada ya kumaliza dozi.

Sisemi kwamba sipro ndiyo iliyomuumiza babu. Jembe la siku tatu nalo lina kesi ya kujibu. Ila mtu anayemeza dawa hiyo akianza kusikia maumivu ya kano, asiendelee kumeza, na siku hiyo hiyo aende kwa daktari akapewe ya aina nyingine. Tena si kila mzee anayekojoa mara kwa mara ana UTI. Apimwe mkojo kwanza, jamani. Tunameza sipro kama karanga.

Tuje kwenye kumkalisha mzee. Hapa ndipo penye kichwa chini miguu juu.

Watu wa Basotu kihistoria ni watu wa kuchapa mguu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mradi wa ngano wa Tanzania na Kanada chini ya NAFCO ulipochukua malisho ya Wabarabaig, wafugaji walilazimika kuzunguka mashamba kufuata maji na majani ambayo zamani waliyafikia kwa njia ya mkato. Wazee wa leo ndio vijana wa wakati ule. Miguu yao imejengeka kwa mwendo. Halafu ghafla, mtoto kanunua pikipiki, mzee anabebwa kwenda mnadani, anabebwa kwenda kanisani, anabebwa hata kwenda kwa jirani ambaye jogoo wake anasikika toka uani.

Kano isiyopewa mzigo inalegea. Mkiiacha miezi mitatu halafu mkampa mzee jembe kwa sababu mvua imenyesha, mnategemea nini? Kupumzika siku chache maumivu yakiwa makali ni sawa. Kupumzika moja kwa moja ndiyo kuzeeka kwenyewe.

Uzuri ni kwamba kiini kisipobadilika haina maana kano haifundishiki. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza waliwachukua wazee 9, wastani wa umri miaka 74, wakawafanyisha mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu mara 3 kwa wiki, wiki 14. Kano yao ya goti ilipopimwa upya, uimara wake dhidi ya kuvutika ulikuwa umepanda kwa asilimia 65. Wenzao ambao hawakufanya mazoezi walibaki vile vile. Miaka 74, ndugu zangu! Na ninyi wa miaka 40 mnaniambia umri umekwenda.

Mazoezi yenyewe hayahitaji jimu wala raba za bei mbaya. Mzee asimame karibu na ukuta, mikono ukutani. Apande kwa vidole vya miguu akihesabu taratibu moja mpaka tatu, ashuke akihesabu moja mpaka tatu. Asiruke wala asijirushe. Mara 15, apumzike, arudie mpaka mizunguko 3. Afanye siku moja aache moja. Kama anauma sana kwa kuanzia, asipande na kushuka. Ajiinue kidogo, abaki hapo hapo kwa sekunde 45, ashuke, mara 5. Akishazoea, ahamie kwenye mguu mmoja mmoja, na akizoea hata hilo, abebe mfuko wa unga wa kilo 5. Mzigo uongezeke kidogo kidogo kila wiki. Kwa ajili ya goti, akae kwenye kiti na kuinuka bila kushika popote, taratibu, mara 10. Na asivae ndala iliyokwisha kisigino. Kwa sasa kiatu chenye kisigino kidogo kinaipunguzia kano kuvutika.

Je, ikiuma wakati wa mazoezi? Kuuma kidogo kunakovumilika kunaruhusiwa. Kipimo ni asubuhi ya pili. Akiamka yuko kama jana, aendelee. Akiamka ni mbaya kuliko jana, mzigo ulizidi, apunguze.

Kuna kisa cha daktari mmoja wa Sweden, Håkan Alfredson, ambaye kwangu mimi ndiye mgonjwa bora kuliko wote. Kano ya kisigino ilimsumbua, akataka afanyiwe upasuaji, mkubwa wake wa kazi akakataa. Basi, kwa hasira, akaamua kuibebesha kano mzigo mzito kwa makusudi ili iharibike kabisa, wakose sababu ya kumkatalia. Badala ya kukatika ikapona! Mwaka 1998 akatoa matokeo ya wakimbiaji 15 aliowafanyisha zoezi la kushusha kisigino kwenye ngazi, mara mbili kwa siku kwa wiki 12, na wote 15 wakarudi kukimbia. Ila hizo hasira zake babu asizijaribu. Huyo alikuwa daktari, na hakuwa na sipro mwilini.

Huko kwenu wenyewe mnaye John Stephen Akhwari wa Mbulu. Kila mtu anajua ya Mexico 1968, alivyoanguka njiani kwenye marathoni, akaumia goti, akamaliza wa mwisho na bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Hadithi ile watu wanaiishia hapo na kufuta machozi. Mimi napenda zaidi ya Edinburgh, mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Goti lile lile, mtu yule yule, akawa wa tano kwa saa 2:15:05. Mexico alikimbia ameumia, na hilo sikushauri. Edinburgh alikimbia amepona, na ni muda huo wa katikati, wa kurudi polepole, ambao hakuna anayeupigia picha.

Haya, makongoro. Mnaopenda supu msinitoe macho, siinyang'anyi. Kongoro lina kano na ngozi tele, na vikichemka muda mrefu vinatoa ule utelezi unaoganda ikipoa. Ule ni kolajeni iliyoyeyuka, kitu hicho hicho kinachojenga kano. Mwaka 2017 watafiti wa Australia na Marekani waliwapa vijana 8 gramu 15 za unga wa namna hiyo uliotiwa vitamini C, saa moja kabla ya kuruka kamba dakika 6. Dalili za mwili kutengeneza kolajeni zikapanda mara mbili kwenye damu. Angalia vizuri hapo. Walikuwa vijana, tena 8 tu. Na waliruka kamba! Supu ilikunywewa mazoezi, siyo kiti. Kwa hiyo babu anywe, kisha saa moja baadaye afanye lile zoezi la ukutani, siyo apande bodaboda.

Na hiyo vitamini C isisahaulike, maana bila hiyo mwili hauwezi kusuka kolajeni. Pera moja linatosha na linabaki. Chungwa pia, au limao kwenye supu yenyewe. Mboga za majani zina vitamini hiyo, ila mkizichemsha hadi zikawa kama uji mmeimwaga.

Kikubwa kuliko supu ni protini ya kutosha ya kila siku. Mzee anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani wa kilo 60 apate 60 hadi 72. Yai lina gramu 6, robo lita ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Sasa wazee wengi jioni wanashindia chai na kipande cha mkate, ati meno hayapo. Maziwa ya mgando yanahitaji meno gani? Na samaki wa ziwani? Halafu hiyo chai, vijiko vinne vya sukari vya nini? Kwa mwenye kisukari, sukari nyingi kwenye damu inang'ang'ania kwenye kolajeni na kuifanya kano iwe kavu na rahisi kuumia. Sigara nayo imo kwenye kundi hilo hilo.

Jambo la mwisho, na hili lishikeni. Kano ikikatika, mtu anasikia kama amepigwa jiwe au teke kwa nyuma ya mguu, anageuka kumtafuta aliyempiga, hakuna mtu. Mara nyingine unasikika mlio kabisa. Mlalisheni kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mminye nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti. Wayo ukicheza, kano haijakatika yote. Wayo ukibaki kimya, msimpake dawa ya kuchua na msimvute kwa mtu wa viungo. Ni hospitali, siku hiyo hiyo. Ninyi mnayo ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955. Ikiwahiwa, wengi wanapona kwa kufungwa plasta, vidole vikielekezwa chini, bila hata kupasuliwa. Ikicheleweshwa kwa wiki kadhaa, ncha za kano zinakimbiana na kazi inakuwa kubwa.

Kwa babu, basi, mjukuu, kabla ya zoezi lolote mpelekeni kwa daktari kesho akakiangalie hicho kisigino. Hiyo safari mruhusuni apande pikipiki. Na boksi la vidonge alivyomeza mlichukue, hata kama limebaki tupu.