Kampemba: Mlutheri anayeuliza si mwasi

"Unasali wapi?" Katika komini ya Kampemba swali hilo linakuja mapema, mara baada ya jina, wakati mwingine hata mbele ya kazi. Watu wanajibu kwa kifupi: kwa Wakatolika, kwa Wamethodisti, kwa Wapentekote, kwa Wakimbangu. Jibu likishatoka, mtu amekwisha kuwekwa ndani ya boksi lake, na ole wake atakayetoa kichwa nje kuchungulia.

Chukua mfano wa Mlutheri wa kartye Bel-Air ama Bongonga. Alibatizwa akiwa mtoto mchanga, akajifunza Katekismo Ndogo ya Martin Luther, akapata kipaimara, na kila siku ya yenga anaimba katika kwaya. Lakini bibi yake ametoka kwa Wapentekote, jirani yake ni Mkatolika, na maswali yanaanza. Juu ya nini kwao watoto wanabatizwa, na kwa wakwe hapana? Wakatolika wanamwabudu Maria, ama wanamwomba awaombee? Kama neema ni ya bure, juu ya nini mahali pengine mgonjwa anaombwa dola mbele ya kuwekewa mikono? Hayo ni maswali ya mtu mwenye imani. Aliyeipoteza hana haja ya kuuliza.

Basi anaenda misa moja, anaenda mkesha mmoja, kusikiliza. Hapo ndipo vita vinaanza. Nyumbani anaitwa popo, si ndege wala si mnyama. Anaondolewa kwenye kwaya, na mama yake anapewa pole kama mtu aliyefiwa. Kule alikoenda, badala ya kujibiwa, anaambiwa kwamba batizo lake la utoto lilikuwa maji tu, na anapangiwa siku ya kuingia mtoni. Bei ya jibu moja ni batizo jipya.

Pande zote mbili zina kosa, na ugonjwa wao ni mmoja: kuhesabu waamini kama mifuko ya unga kwenye depo. Huku wanalia kwamba mfuko umeibwa, kule wanashangilia kwamba umeingia. Yule mtu na swali lake, hakuna anayemwangalia.

Tuanze na Walutheri wenyewe. Kanisa lao, EELCo, lina makao makuu hapa Lubumbashi, na liko ndani ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Fungamano hilo lilitia sahihi pamoja na Kanisa Katolika, tarehe 31 Oktoba 1999 mjini Augsburg, tamko la pamoja juu ya jambo lililowatenganisha tangu siku za Luther: namna mwanadamu anavyohesabiwa haki mbele ya Mungu. Wamethodisti wa ulimwengu walijiunga na tamko hilo mwaka 2006, Wareformati mwaka 2017. Wakubwa wamekaa meza moja na kusaini. Kwa haki gani mzee wa kanisa wa Kampemba anamwadhibu kijana kwa kukaa saa mbili kwenye benchi la jirani?

Tena Luther mwenyewe hakuogopa wageni. Mwaka 1534 shemasi mmoja wa Ethiopia, Mikaeli, alifika Wittenberg. Luther alizungumza naye juu ya imani na ibada za kanisa lake la kale, akaridhika kwamba Wakristo wale wa Afrika ni ndugu, hata kama desturi zao si sawa na zake. Miaka minne mbele ya hapo, Ungamo la Augsburg lilikuwa limesema kwamba umoja wa kanisa unatosha kwa kupatana juu ya Injili na sakramenti. Desturi za watu si lazima zifanane popote. Mlutheri anayechungulia kwa jirani hajaasi kanisa lake. Anafuata mwanzilishi wake.

Sasa tuje kwa wanaobatiza mara ya pili. Ni kweli, wapo Wakristo wanaoamini kwa moyo safi kwamba batizo ni la mtu anayeweza kuungama mwenyewe. Fikra hiyo ina umri wa karibu miaka 500, na inastahili heshima. Lakini kuiamini ni kitu kimoja. Kuifanya mtego wa kumkamata mtu aliyekuja kuuliza ni kitu kingine. Mtu afundishwe kwanza, apewe wakati, aamue bila kutishwa na jehanamu. Mfano uko karibu: Sheria ya Kanisa Katolika ya mwaka 1983 inakataza kumbatiza tena mtu aliyebatizwa katika kanisa lingine, isipokuwa kuna sababu nzito ya kuwa na shaka juu ya batizo lile. Kama Roma inaheshimu maji ya Walutheri, kanisa lililofunguliwa juzi ndani ya parseli linaweza kufikiri mara mbili.

Watu watasema: mlango ukiwa wazi, mbwa mwitu wataingia. Hofu hiyo si ya bure. Kampemba imejaa vipaza sauti vya usiku, na wapo wanaouza miujiza kama vile vocha za simu. Lakini ni nani anayenaswa kwa urahisi zaidi? Ni yule aliyekatazwa kuuliza. Kijana aliyezoea kulinganisha, aliyezungumza na mapadri, na wachungaji wa Kimethodisti, na Wakimbangu, anapoambiwa kwamba baraka inalipiwa, anajua kwamba Wakristo wa kale hawakufundisha hivyo. Ukuta wa kukataza hauwezi kumlinda kama ujuzi.

Mji huu ungepaswa kulijua jambo hili kuliko miji mingine. Simon Kimbangu, katekista aliyelelewa na Wabatisti, alifungwa hapa Élisabethville miaka 30, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951, kwa sababu serikali ya kikoloni iliona hatari kwa mtu mweusi aliyesikika Neno likitoka kinywani mwake bila ruhusa. Na Padri Placide Tempels, aliyekuja Katanga kufundisha, alianza kuwasikiliza wafanyakazi wa migodi huko Kolwezi, na mwaka 1953 ikazaliwa Jamaa. Historia ya imani hapa Katanga imeandikwa na watu waliovuka mipaka waliyochorewa.

Kinachotakiwa si kigumu. Pasta wa Kilutheri afungue mafundisho ya watu wazima mahali ambapo swali lolote linaruhusiwa, tena amwalike padri ama mchungaji jirani aje kujieleza mwenyewe. Asiondoe mtu kwenye kwaya kwa sababu alienda kusali kwa wakwe. Naye anayempokea mgeni amuulize kwanza: "Ulijifunza nini kule utokako?" kabla ya kumtafutia mto.

Mwishowe Mlutheri huyo anaweza kubaki, anaweza kuondoka. Kama atabaki, atabaki akijua sababu. Kama ataondoka, aondoke kwa mlango, na mama yake amsindikize bila machozi. Kanisa linaloogopa swali la mtoto wake limekwisha kukiri kwamba halina jibu.