Paka wa Nyumba ya Mgonjwa

Virusi vya UVIKO-19 huweza kutoka kwa binadamu vikamwingia paka amfugaye. Paka wengi walioambukizwa hawaoneshi dalili kubwa. Kwa hiyo kungoja mpaka paka augue ndipo apimwe si ufuatiliaji hata kidogo. Hong Kong ilitenda vyema mwaka 2020, ilipowatenga na kuwapima wanyama wa wagonjwa, hata waliokuwa wazima. Wapo wauonao mpango wa namna hiyo kuwa ni anasa. Lakini mwaka 2021, nchini Thailand, paka wa wagonjwa wawili alimpigia chafya usoni daktari wa mifugo aliyekuwa akimpima. Daktari alivaa barakoa, ila macho hayakukingwa, akaambukizwa. Matukio ya aina hiyo ni machache. Yafaa paka apimwe pamoja na jamaa wengine wa nyumba ya mgonjwa.